Likizo ya Agosti: Kisiwa cha ndege ambako mtoto hufundishwa kutoshuka botini

KIJANA wa miaka saba alibeba ndoo yake ya plastiki kutoka Nairobi hadi Watamu. Ndani ya gari moshi aliipakata mapajani, na kwenye matatu ya kutoka Mombasa alikataa isiwekwe nyuma pamoja na mizigo. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna kisiwa kilichojaa ndege. Naye akajiambia kwamba kisiwa kilichojaa ndege lazima kijae mayai.

Mwendo wa saa tatu asubuhi, boti ilipopunguza kasi mbele ya Kisiwa cha Nyangumi, kijana alisimama, akashika ndoo na kusubiri chombo kiegeshwe. Hakikuegeshwa. Nahodha alizima injini wakiwa bado mbali na mwamba, akawaambia wageni wake kwamba hapo ndipo mwisho wa safari.

Kijana aliangua kilio. Dada yake wa miaka kumi na mmoja alimwonea haya. Mama, ambaye tangu waondoke ufuoni alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, alimtazama baba. Baba akatia mkono mfukoni kutafuta pochi.

Ni hali ambayo wazazi wengi wanaifahamu. Umelipia nauli, umelipia chumba, umelipia boti, na sasa kuna kitu kimoja tu kinachomzuia mtoto wako kufurahi: kanuni. Anachofanya mzazi katika dakika hiyo, mtoto hukikumbuka kuliko ndege wote aliowaona.

Mwamba mdogo, wakazi wengi

Kisiwa cha Nyangumi, ambacho kwenye ramani nyingi huandikwa Whale Island, ni mwamba mdogo wa matumbawe ulio karibu na mlango wa hori la Mida, kusini mwa mji wa Watamu katika Kaunti ya Kilifi. Hakina nyumba, hakina kisima wala mti wa kivuli. Kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka wa 1968 na ambayo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Kwa miezi mingi ya mwaka, mpita njia anaweza kukiona na asikitazame mara ya pili. Kati ya Juni na Oktoba mambo hubadilika. Ndege wa baharini wanaoitwa buabua huja kutaga na kulea makinda yao juu ya mwamba huo.

Buabua ni jamaa wa shakwe, ila ni wembamba zaidi. Mabawa yao yamechongoka na mkia umegawanyika panda kama wa mbayuwayu. Kisiwani hapo huonekana aina mbili. Ya kwanza ni buabua mweupe mwenye kofia nyeusi, ambaye wakati wa kuzaa kifua chake huwa na weko hafifu la waridi na mdomo wake hugeuka mwekundu. Uzito wake ni kama gramu 120, yaani mwepesi kuliko nusu pakiti ya maziwa. Ya pili ina mgongo wa rangi ya majivu iliyokolea na mstari mweupe juu ya jicho, kama nyusi iliyochorwa kwa chaki.

Aina hizi mbili zimegawana makao bila ugomvi. Buabua wa waridi hutaga yai moja au mawili mahali pa wazi, juu ya jiwe au changarawe, bila kujenga tundu la maana. Yule mwenye nyusi nyeupe hutaga yai moja tu, na hupenda kulificha chini ya jiwe lililochomoza au ndani ya ufa.

Mayai yenyewe yana madoadoa ya kahawia na kijivu, rangi ileile ya mwamba. Mtu mzima anaweza kusimama katikati yake asiyaone, na hatua yake inayofuata ikawa juu ya yai. Hiyo ni sababu ya kwanza ya nahodha kutoegesha boti. Sababu ya pili ni kubwa zaidi, na kijana mwenye ndoo alikuja kuielewa kwa kiganja chake mwenyewe.

Likizo imeangukia katika kusi

Kwa mzazi anayepanga safari hii kuna mtihani mmoja. Shule hufungwa mwezi Agosti, na buabua wako kisiwani mwezi Agosti. Lakini Agosti pia ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini unaoanza kuvuma karibu na Aprili na kuchafua bahari, hasa kati ya Juni na Agosti. Bahari tulivu ambayo watu huiona kwenye picha za matangazo ni ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Wakati huo buabua huwa wameshaondoka na makinda yao.

Kwa maneno mengine, ndege na ushwari haviji pamoja. Mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto kisiwa kikiwa hai lazima akubali kupangiwa siku na upepo.

Familia hii ilikuwa imekusudia kwenda Jumanne. Mama, aliyekulia Nyeri na ambaye hajui kuogelea, alishangaa nahodha alipowapigia simu alfajiri na kuwaambia wasitoke hotelini. Bahari ya leo si ya watoto, alisema. Jumatano ilikuwa hivyohivyo. Alhamisi upepo ukalegea, wakaondoka mapema, kwa kuwa katika msimu wa kusi asubuhi huwa afadhali na upepo huzidi kadiri jua linavyopanda.

Baadaye mama huyo alisema kwamba ile simu ya Jumanne ndiyo iliyompa imani. Nahodha aliyekuwa tayari kukosa pesa za siku mbili kwa sababu ya mawimbi, alijiambia, hatawapeleka watoto wake mahali pabaya.

Mbali na upepo, kuna maji kujaa na kupwa. Katika pwani hii, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hupita mita tatu. Maji hayo yote huingia na kutoka katika hori la Mida kupitia mlango mmoja mwembamba, karibu na kisiwa hicho, na mkondo wake una nguvu. Nahodha mwenyeji huijua saa ya kupita. Ndiyo maana muda wa safari hauwezi kuwekwa na mteja kama miadi ya kinyozi. Maji hubadilika kwa karibu dakika hamsini kila siku, na safari iliyofaa saa mbili leo huenda kesho ikafaa saa tatu.

Kutazama bila kukaribia

Injini ilipozimwa, kitu cha kwanza kilichowafikia ni kelele. Buabua hawaimbi, hupiga ukelele mkali wa kukwaruza, na mamia wakipiga kwa pamoja ni kama soko la samaki lililohamia hewani. Kisha ikaja harufu ya kinyesi cha ndege kilichokaushwa na jua. Binti aliziba pua kwa leso, akachukua darubini.

Ndani ya nusu saa aliyoitumia darubini hiyo, binti aliona mambo ambayo hakuna kitabu cha shule kingemwonyesha vizuri zaidi. Aliona ndege akijiangusha kutoka juu, kichwa mbele, akazama na kuibuka na samaki mwembamba kama kidole. Aliona dume akimkabidhi jike samaki badala ya kummeza. Hivyo ndivyo buabua wanavyochumbiana, na jike hupata chakula cha kumsaidia kutaga. Aliona mzazi akitua katikati ya makinda ya watu, akayapita yote yaliyopanua midomo, akaenda kwa mmoja. Buabua humtambua mtoto wake kwa sauti.

Yai la buabua wa waridi hulaliwa kwa takriban wiki tatu. Baba na mama hupokezana, mmoja akilalia mwingine akivua. Makinda yakitoka, huchukua karibu mwezi mzima kabla hayajaweza kuruka. Kwa hiyo familia moja ya ndege huhitaji karibu miezi miwili ya kutosumbuliwa, na kwa sababu hawaanzi wote siku moja, kisiwa huwa na mayai au makinda kwa sehemu kubwa ya msimu.

Nahodha aliwaonyesha pia kundi lililokuwa likizunguka mbali baharini, likipiga mbizi kwa fujo mahali pamoja. Wavuvi wa pwani huzifahamu dalili hizo. Chini ya ndege kama hao mara nyingi kuna jodari au samaki wengine wakubwa wanaowafukuza dagaa kuja juu, na wenye mashua hugeuza tanga kuelekea huko. Buabua humwonyesha mvuvi mahali pa kutupa mshipi. Kisiwa kikikosa ndege, mvuvi naye amepoteza macho yake ya angani.

Noti ya elfu moja

Yote hayo hayakumtuliza kijana. Alitaka yai. Hata moja.

Baba alitoa noti ya shilingi elfu moja, akaikunja na kuisogeza polepole kwa nahodha. Alisema ni dakika mbili tu, mtoto ametoka mbali, hakuna mtu anayeona. Kwa kweli watu wawili walikuwa wanaona, na wote wawili walikuwa watoto wake.

Nahodha hakuipokea. "Bwana, hiyo weka," alisema bila hasira. "Nikikushusha wewe leo, kesho nitamshusha mwingine. Mwakani hakutakuwa na kitu cha kuwaleta watu kuja kuona."

Kisha akamwita kijana. Akamwomba aweke kiganja kwenye ubao wa benchi uliokuwa chini ya turubai. Ulikuwa baridi. Akamwambia aweke sasa kwenye ubao wa mbele, uliokuwa ukipigwa na jua tangu waondoke. Kijana aliondoa mkono haraka.

Nahodha akaeleza. Watu hudhani ndege hulalia yai ili alipashe joto. Usiku ni kweli. Lakini mchana, juu ya mwamba wa matumbawe usio na kivuli, kazi ya mzazi ni kinyume chake: anasimama juu ya yai ili jua lisilipike. Baadhi ya ndege wa jamii hii huenda baharini kulowesha manyoya ya tumboni, wakarudi na unyevu huo juu ya mayai. Mtu akishuka, ndege wote huruka kwa mara moja. Mayai yote hubaki uchi. Mtu huyo anaweza asikanyage hata yai moja na asichukue hata moja, na bado akaua mengi kwa kusimama tu akipiga picha.

Kinda mdogo naye hana namna ya kujikinga. Akitishwa hukimbia, na akikimbilia eneo la jirani hudonolewa, kwani hapo si kwao. Buabua wa waridi, zaidi ya jamaa zake wengi, hana subira na usumbufu. Kundi lililosumbuliwa mara kadhaa linaweza kuhama lote, likaacha mayai na makinda. Ndiyo maana hata bila kosa la mtu yeyote kisiwa huweza kujaa mwaka mmoja na mwaka unaofuata kikawa na ndege wachache.

Kijana alinyamaza. Baada ya muda aliuliza kama ndege hao wanajua kwamba yeye hatashuka. Nahodha akamwambia watazame: hakuna hata mmoja aliyeruka kwa kuwaogopa. Hiyo ndiyo alama kwamba boti iko mahali pake. Siku boti ikisogea na ndege wakaanza kuinuka, imesogea kupita kiasi.

Baba alirudisha noti mfukoni. Jioni hiyo, kwa mujibu wa mama, alimwita mwanawe pembeni akamwambia kwamba alichotaka kufanya asubuhi hakikuwa sawa na kwamba nahodha ndiye aliyekuwa sahihi. Haikumchukua hata dakika mbili, lakini mama alisema hakuwahi kumsikia akimwambia mtoto neno kama hilo.

Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi hutumia miaka wakiwahubiria watoto kuhusu uaminifu, kisha barabarani, ofisini au botini mtoto huona noti ikikunjwa. Safari kama hii huweka somo hilo mahali ambapo mtoto analiona: kanuni si ukuta wa kumnyima raha, kuna kiumbe upande wa pili anayeishi kwa sababu yake.

Kunguru na maganda ya ndizi

Walipokuwa wakigeuza boti, binti alitaka kumrushia shakwe kipande cha mkate. Nahodha alimzuia pia, na hapo mama ndiye aliyeuliza kwa nini.

Jibu lilikuwa ni kunguru. Kunguru wa shingo ya kijivu anayezunguka majaa ya miji ya pwani si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi, na aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890. Tangu hapo amesambaa kuanzia miji ya Tanzania hadi pwani ya Kenya, akila mayai na makinda ya ndege wengine. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba mwaka wa 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja.

Kunguru hufuata chakula cha binadamu. Mkate unaoelea, maganda ya ndizi na mifupa ya kuku iliyoachwa karibu na kisiwa ni mwaliko. Akishafika kwa ajili ya makombo, atabaki kwa ajili ya mayai. Kwa hiyo kila kinacholiwa botini hurudi nchi kavu, pamoja na takataka zake.

Wazazi waliosafiri na mtoto

Kabla ya adhuhuri upepo ulikuwa umeanza kuinuka, na boti ilikuwa imesharudi. Nahodha aliwashauri wasiimalize siku hotelini, bali waende hori la Mida alasiri, wakati maji yanapojaa na kuwasogeza ndege karibu na mikoko.

Mida ina daraja jembamba la mbao linaloning'inia kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Mtoto anayeogopa boti, au mzazi anayeiogopa, anaweza kuona mengi hapo bila kugusa maji. Ada inayolipwa kwenye daraja hilo husaidia kulipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mpango unaojulikana kama ASSETS. Binti alipoelezwa hivyo alitaka kulipa ada yake kwa mkono wake mwenyewe.

Mgeni anayetafutwa zaidi Mida ni ndege mla kaa: mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama jambia, umbo la kuvunjia magamba ya kaa. Kuanzia Agosti huanza kuwasili kwa wingi, na wengi hukaa hadi Aprili. Hawazalii hapa. Huzaa kaskazini, kwenye visiwa na fuo za Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, na pwani ya Somalia, ambako huchimba mashimo mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani yake.

Jambo lililomfanya mama asahau chai yake ni hili: kinda wa ndege huyu husafiri na mzazi wake kuvuka bahari hadi Afrika Mashariki, na akishafika bado hulishwa. Kwenye matope ya Mida huonekana ndege mkubwa mwenye kaa mdomoni, na nyuma yake mwingine wa urefu uleule, manyoya ya kijivu, anatembea ameinamisha kichwa akilialia. Ni mtoto. Amevuka bahari kwa mabawa yake mwenyewe lakini bado hajajua kumvunja kaa.

Mama aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba ana ndugu yake wa miaka ishirini na sita aliye vivyo hivyo. Kibanda kizima kilicheka.

Kabla ya kulipia boti

Kwa mzazi anayetaka kufanya safari hii, haya ndiyo ya kuzingatia:

• Acha siku za ziada. Katika msimu wa kusi panga angalau siku tatu Watamu ili nahodha awe na nafasi ya kuchagua asubuhi nzuri. Akisema leo hapana, usimtafute mwingine atakayesema ndiyo.

• Jaketi la kuokoa maisha lazima limkae mtoto. Uliza kabla kama yapo ya watoto, si ya watu wazima tu. Mvalishe, funga kamba zote, kisha livute kwa juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Livaliwe kuanzia ufuoni hadi kurudi ufuoni, na mzazi avae pia.

• Uliza kuhusu chombo. Boti ya abiria inapaswa kuwa imekaguliwa na kupewa leseni na mamlaka ya ubaharia nchini (KMA). Hesabu watu walio ndani na uulize idadi inayoruhusiwa. Uliza kama kuna simu au redio, na nani mwingine ufuoni anajua mmekwenda wapi.

• Lipa ada ya hifadhi. Eneo hili limo ndani ya hifadhi ya bahari, na ada ya KWS hulipwa kwa njia ya kielektroniki. Uliza mapema kama bei ya boti inaijumlisha.

• Kichefuchefu. Mpe mtoto kiamsha kinywa chepesi, si chai tupu wala mandazi yenye mafuta mengi. Mkalishe katikati au nyuma ya boti, atazame mbali, si simu. Dawa yoyote ya kichefuchefu muulize mfamasia kwanza, ukimtajia umri wa mtoto.

• Jua. Kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu na maji ya kunywa ya kutosha. Upepo wa baharini hupoza ngozi, na mtoto hatambui anaungua.

• Darubini moja yatosha. Watoto wapokezane, mmoja akitazama mwingine akihesabu. Wape kazi: ndege wangapi wamebeba samaki? Wangapi wamesimama na wangapi wamelala?

• Ndoo ibaki hotelini. Si mayai peke yake. Ndani ya hifadhi ya bahari hairuhusiwi kuokota kombe wala matumbawe, hata yaliyokufa.

• Kelele. Zima muziki, na usirushe droni. Kwa buabua, kitu kinachoning'inia angani juu ya mayai ni mwewe.

Anayekaa pwani ya kusini hana haja ya kusafiri hadi Watamu. Boti hutoka Shimoni, Kaunti ya Kwale, kwenda hifadhi ya Kisite-Mpunguti, ambako kisiwa kidogo cha Kisite nacho kinajulikana kwa buabua na ndege mla kaa. Masharti ni yaleyale.

Kwa anayeweza kusafiri tu mwezi Desemba, asihesabu kwamba amekosa kila kitu. Buabua watakuwa wamekwenda na kisiwa kitakuwa kitupu, lakini bahari ya kaskazi ni rafiki kwa watoto wadogo, na Mida hujaa ndege wa matopeni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia.

Swali la kijana

Siku ya kuondoka, nahodha alikwenda kuwaaga kwenye kituo cha matatu. Kijana alikuwa na swali moja. Wakati wakiwa botini alichagua ndege mmoja, karibu na jiwe lenye umbo la kiatu, akamtazama akiwa amesimama juu ya yai lake. Alitaka kujua kama lile yai litaanguliwa, na kama nahodha anaweza kumpigia baba simu kumwambia.

Nahodha alimjibu kwamba hawezi kujua, kwa sababu naye hashuki. Lakini kuanzia Septemba huwaona makinda juu ya maji wakijifunza kuvua, wenye mgongo wa madoadoa na mdomo mweusi, wakikosea mara tatu na kupata mara moja. Akiwaona, alisema, atapiga.

Kijana aliipanda matatu bila ndoo yake. Alikuwa amemwachia nahodha, akamwambia itamfaa kukumbia maji botini.